Gari la Rangi ya Urojo

Mzee Nassor alifariki Jumanne asubuhi. Habari ilinifikia nikiwa juu ya ngazi huko Mpendae, nikimalizia kibao cha duka la dawa, na herufi mbili tu zilikuwa zimebaki. Mwanawe, Sule, alinipigia mwenyewe. Hakurefusha maneno. Alisema, "Mize, Baba katangulia. Tunamzika baada ya adhuhuri." Nikashuka, nikaosha brashi, nikamwambia mwenye duka kwamba ndwele na dawa zake zitasubiri hadi kesho. Siku ya khitma nilipanda ngazi za ile nyumba yao ya Mkunazini, ngazi ndefu za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu, nikakaa na wanawake wenzangu ukumbi wa juu, tukasoma, tukala. Nilipokwenda kumpa Bi Rahma mkono wa pole, alinivuta karibu na buibui lake akaninong'oneza, "Kile chumba chenu sijakifunga. Kama wataka kuingia, ingia." Nikaingia. Siku hizi wanaweka humo magunia ya mchele na makochi mabovu, lakini kwenye boriti bado ipo misumari minne tuliyotundikia chandarua, na sakafuni, karibu na dirisha, lipo doa la ukubwa wa sahani, la rangi ya njano ambayo mimi ndiye niliyeimwaga. Nilisimama juu ya doa lile na sahani ya biriani mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipoimwaga. Sasa nina thelathini na tatu, nina wanafunzi wawili na watoto wawili, na kila ninachojua kuhusu kazi yangu, na kuhusu kusema kweli, nilikipata mwaka ule katika chumba kile.

Mwaka ule ulianzia Mbweni, kwenye hoteli moja ambako nilikuwa nikikaa kando ya bwawa la kuogelea na kuwachora hina wageni. Ilikuwa kazi nzuri, nilikuwa naiweza na ilikuwa ikinilisha, lakini niliificha kama mtu anavyoficha maradhi. Mama yangu huko Mkokotoni alikuwa akijua kwamba mimi nasoma chuo mjini, nasomea uhasibu, na kwamba nimepata msaada wa kusomeshwa, kwa hiyo asihangaike. Hakuna kilichokuwa kweli katika hayo. Matokeo yangu ya kidato cha sita sikumuonesha mtu. Nilikuja mjini, nikapanga chumba na msichana mwenzangu, nikanunua madaftari mawili makubwa, na kila nilipokwenda nyumbani niliyabeba mkobani na kuyaweka juu ya kitanda mahali ambapo mama angeyaona. Siku moja nilikuwa namchora mama mmoja wa kizungu tawi la maua kuanzia kiwikoni hadi kwenye kucha, akasimama nyuma yangu mtu aliyeshika kisanduku cha vifaa. Alikuwa fundi aliyekuja kutengeneza friji la jikoni. Alisubiri nimalize tawi lote, kisha akasema, "Huo mstari, waweza kuuchora mwembamba zaidi?"

"Mwembamba kiasi gani?"

Akatoa mfukoni kitu akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa gurudumu la plastiki, la ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa, na pembeni mwa tairi lake zilikuwapo herufi zilizoinuka, ndogo mpaka nilidhani ni mikwaruzo. "Hizo zatakiwa ziwe nyeupe," akasema. "Na zilizoko ndani, za kwenye dashibodi, ni ndogo kuliko hizo."

"Gari la mtoto?"

"La baba yangu," akasema Sule.

Gari lenyewe silitaji jina, na wala hakuna haja. Ni lile la Kitaliano, bapa kama lililokanyagwa, ambalo milango yake haifunguki kwa upande bali huinuka juu, na picha yake ilikuwa imebandikwa kwa vinyozi wote wa Ng'ambo tangu kabla sijazaliwa. Mzee Nassor alifanya kazi Maskati katika ujana wake, kwa bwana mmoja tajiri aliyekuwa nalo. Mtaa mzima wa Mkunazini ulikijua kisa chake. Mkesha wa Idi, yule bwana alimtupia ufunguo akamwambia, Nassor, leo lako. Naye akalitoa, akalipeleka barabara ya pwani, akalikanyaga mpaka mitende ya kando ya njia ikaungana ikawa ukuta mmoja. Alikihadithia kisa hicho barazani kwa miaka thelathini. Sule alikulia ndani ya kisa hicho. Alinambia kwamba hata ufundi aliuingilia kwa ajili yake. Kisha Mzee akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea, yakabaki machache, "ndio" na "la" na "wapi," na kile kisa hakuna tena wa kukisema. Huko hospitali aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alisema mkono ule upewe kazi ndogo ndogo kila siku, usiachwe ukalala. Sule alikuwa na printa, si ile ya karatasi, bali ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuuweka tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama unywele, mpaka kitu kikasimama. Akapata michoro ya lile gari kwenye mtandao, vipande mia tatu na kitu, akaamua kulichapa lote, kwa kipimo cha moja kwa nane, na injini yake na viti vyake, na kila kipande kipitie mkononi mwa baba yake kupigwa msasa. Alichokosa kilikuwa mtu wa rangi.

Bi Rahma alinipokea siku ya kwanza kama anayepokea mzigo ambao hakuuagiza. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Rahma," akaitikia "Marahaba" huku akinitazama vidole vyangu vyeusi kwa piko, ile hina nyeusi. Akaweka masharti yake pale pale mbele ya Sule: mlango wa chumba hautofungwa, mie nitakula na yeye jikoni, na adhuhuri ikiadhiniwa kila mtu aache anachofanya. Nikakubali yote. Chumba kilikuwa na dirisha moja refu la mbao lililotazama uchochoro, meza iliyotengenezwa kwa ubao wa mlango wa zamani, na printa kwenye kona ikilia kidogo kidogo, mfano wa ndege aliye kizimbani. Mzee Nassor alikuwa amekaa karibu na dirisha, kanzu nyeupe, kofia imenyooka, mkono wa kushoto umeshika kipande cha boneti na wa kulia, ule mbovu, umeshika msasa uliofungwa kwa mpira ili usimwanguke. Mkono ulikuwa ukienda shibiri moja, unasimama, unafikiri, unarudi. Nilimwambia shikamoo naye. Midomo ilihangaika. "Ma," akasema, "ma," kisha akaachilia mbali, akaniinulia kidole kimoja, nami nikakihesabu kuwa ni marahaba.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo tulishindwa zaidi kuliko tulivyoweza. Nyumba za mawe, kila mtu ajuaye anajua, haziachi kumwaga chokaa. Ukipaka rangi asubuhi, jioni unakuta vumbi jeupe limeganda juu yake kama chumvi. Bi Rahma, aliyekuwa akijifanya hatujali, siku moja aliingia na chandarua chake cha harusi kilichokunjwa, akakitupa mezani, akasema, "Tundikeni hiki. Kimelala kabatini miaka." Ndani ya chandarua kile ndimo nilimojifunza kupuliza rangi, nimejifunga mtandio puani, Sule nje akinielekeza alichosoma kwenye simu. Tulijaribu rangi kwenye vijiko vya plastiki, tukavitundika kwenye kamba kama samaki wanaoanikwa. Sule alitaka jekundu, maana kwenye picha za vinyozi lilikuwa jekundu. Mzee alitazama kijiko chekundu akasema, "La." Tukamletea cheusi, la. Cheupe, la. Cha njano ya limau alikitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyekaribia kumuona mtu amjuaye kisha akaona siye. Ikapita wiki. Ijumaa moja Bi Rahma aliandaa urojo, ule wa nyumbani, mzito, wenye manjano na ukwaju na embe mbichi, na bajia na vipande vya muhogo vinaelea juu. Mzee alikuwa ameshainua kijiko, akakirudisha. Akachovya kidole bakulini, akakinyanyua mbele ya dirisha, mwanga ukakipiga. "Hii," akasema.

Bi Rahma alidhani amepata unywele. "Hii nini?"

"Gari," akasema Mzee. "Hii."

Sikupata kula mchana ule. Niliondoka na bakuli, nikaenda kuchanganya rangi mpaka alasiri, na ile nyingine niliyoimwaga kwa haraka ndiyo iliyobaki pale sakafuni hadi leo. Kijiko cha kumi na nne kilikuwa sawasawa na urojo wa Bi Rahma, na Mzee alikishika kijiko kile akakaa nacho mapajani mpaka jioni. Wakati wa kula Sule alikuwa na desturi ya kukisema kile kisa kwa niaba ya baba yake, hasa akiwapo mgeni, na jioni ile alikisema chote, mkesha wa Idi, ufunguo, mitende, ukuta. Nakumbuka nilimtazama Mzee nikitegemea kumuona amefurahi. Alikuwa anatazama sahani. Nilifikiri ni uchungu wa mtu kusemewa maneno yake na mwengine, na huenda nao ulikuwamo.

Masika ilipoingia, bodi yote ilinichuruzikia. Unyevu uliiingia rangi ikafanya mapovu kwenye mlango na kwenye paa, kazi ya wiki sita. Nilimwambia Sule atafute fundi wa kweli, mie ni mchora hina tu, na nikafunga mkoba wangu. Ile "tu" nilikuwa nimeizoea. Ndiyo niliyokuwa nikiisema peke yangu kila nikiyabeba yale madaftari kwenda Mkokotoni. Sule hakunibembeleza. Mzee ndiye aliyevuta bodi ile iliyoharibika, akaiweka mapajani, akaanza kuipiga msasa, taratibu, kuanzia paa. Mkono wa kulia ulikwenda shibiri moja, mbili, tatu, na haukusimama. Sule aliuona kabla yangu. Alinishika mkono wa koti, akanioneshea kwa kidevu. Ule mkono ulikuwa unakwenda mbele na kurudi, wenyewe, bila ya kufikiri. Niliuweka mkoba chini. Aliimaliza bodi ile kwa siku tisa, na ilipotoka mikononi mwake ilikuwa laini, kingo zake zote zimekaa, kila mkunjo ulipo, hata pale ambapo mchoro wa kompyuta ulikuwa umeteleza. Sule alisema, "Ona anavyolijua. Mtu akishaendesha kitu, mwili haukisahau."

Tukafika kwenye gia. Ilikuwa kibao cha chuma kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chenye mifereji sita, na juu yake zilitakiwa namba moja hadi tano na herufi ya rivasi. Michoro haikusema ipi iko wapi. Sule akamuuliza baba yake, na Mzee, baada ya kusita, akagusa mfereji wa mbele kushoto: moja. Ndivyo ilivyo kwenye gari zote tunazozijua. Rivasi akaionesha nyuma kabisa kulia. Sule akateremka kwenda kazini, nami nikaziandika kwa brashi ya nywele tatu, pumzi nimeizuia. Nilipomaliza nikataka kuhakikisha umbo la ile tano, nikafungua picha kwenye simu, ya gari lenyewe, kutoka juu. Namba moja ilikuwa nyuma kushoto. Mbele kushoto, pale alipogusa Mzee, palikuwa na rivasi. Nikatafuta picha nyengine, na nyengine. Zote ndivyo. Mtu aliyekaa katika kiti kile akafuata alivyoonesha Mzee angeanza kwa kurudi kinyumenyume akagonga ukuta wa banda.

Nilijiambia ni maradhi, kasahau. Bi Rahma alikuwa chumba cha pili anasali. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nimetazama picha. Namba moja iko nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma. Mbele ni rivasi."

Akaweka msasa chini. Akatafuta kwa midomo, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. "Sikuendesha," akasema.

Sikumfahamu. Nikamwambia, "Inshaallah utaendesha tena."

Akatikisa kichwa, akaugonga ubao wa meza kwa mkono ule mbovu. "Kule. Sikuendesha." Akavuta pumzi. "Niliosha." Na mkono wake ukaenda juu ya paa la lile gari dogo, ukazunguka, ukazunguka, pole pole, kiganja wazi, kama umeshika sifongo. Nikauelewa mkono ule wa siku tisa. Nilimuuliza aliosha muda gani, akasema miaka kumi na moja. Nilimuuliza nani anayejua, akajigusa kifua mwenyewe, kisha akanioneshea mimi.

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Pengine kwa sababu alikuwa hawezi kumwambia mtu, au kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa aibu niliyoijua vizuri mno. Nilisema, "Na mie, Mzee, sisomi chuo. Mama ajua nasomea uhasibu. Mwaka wa pili sasa. Nnachora hina."

Alinitazama. Kisha akacheka, nusu ya mdomo, sauti ikatoka kama maji ya mfereji yaliyokatika siku nyingi yakirudi. Hakuna aliyemsikia akicheka tangu augue. "Wote," akasema. "Wote wawili." Nikacheka nami mpaka machozi. Alipotulia, akapangusa mdomo kwa leso na kusema, "Sule. Muite."

Nilimuomba tungoje. Nilisema gari likwishe kwanza, nikasema mengi. Alinisikiliza yote kwa adabu. "La," akasema. "Leo."

Sule aliporudi na kisanduku chake, Mzee hakumpa nafasi ya kukaa. Alisema lile neno lake, na la pili. Sule akanigeukia. "Asema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Namba zilikuwa pale juu ya kibao, nyeupe, hazijakauka. Nikasema, "Asema hakuliendesha. Alikuwa akiliosha."

Sule akakitua kisanduku. "Na mkesha wa Idi, Baba?"

"Uongo," akasema Mzee Nassor, na tangu maradhi yampate lilikuwa neno alilolitamka safi kuliko yote.

Sule hakupandisha sauti. Akazima printa, iliyokuwa katikati ya usukani, ukabaki nusu duara. Akatoa shuka kabatini, akalifunika gari, akateremka ngazi. Wiki ya kwanza nilikwenda Mkunazini kila siku nikakuta shuka liko vile vile na Mzee yuko dirishani, mikono mapajani, hana kipande cha kushika. Wiki ya pili nilikwenda mara moja. Ya tatu nilikwenda kuchukua brashi zangu. Nilikuwa ndani ya chandarua nazikusanya nikasikia Bi Rahma na Sule jikoni, na kwa vile mlango wa chumba chetu kwa amri yake haufungwi, nilisikia kila neno.

"Kula," alisema Bi Rahma.

"Sina njaa."

"Mtu mzima na ndevu zako, wasusa chakula." Kisha Sule akauliza, "Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alipokuja likizo ya kwanza. Dereva harudi nyumbani vidole vimepasuka kwa sabuni. Nilikuwa nikimpaka mafuta ya nazi. Yeye hakunambia, na mie sikumuuliza."

"Kwa nini hukunambia mimi?"

"Nikwambie nini? Kwamba babako afanya kazi? Mukavaa, mukasoma, hamukuuliza pesa zimetoka wapi. Mtu yuko peke yake ugenini, aosha gari la mwenziwe miaka kumi na moja. Arudi kwao, watu wamekaa barazani, kila mmoja ataka kusikia kitu kutoka Maskati. Awaambie nini?"

"Awaambie ukweli."

"Ndio huo kakwambia wewe," alisema Bi Rahma. "Kakaa kutwa nzima akilitafuta neno moja. Na wewe ukamfunikia shuka."

Baada ya muda nikasikia sahani ikivutwa mezani. Nikazirudisha brashi zangu kwenye gilasi, moja moja, zisigonge.

Asubuhi ya pili yake nilikuta shuka limekunjwa. Sule amekaa chini, mbele ya miguu ya baba yake, na daftari mkononi. "Ulikuwa ukianzia wapi, Baba?" aliuliza.

"Juu."

"Kwa nini juu?"

Mzee alihangaika. Hatukumsaidia. "Uchafu," akasema, "unashuka."

Sule akaliandika. Ikawa kila asubuhi ndivyo tunavyoanza, na kila asubuhi maneno yaliongezeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anaulizwa kitu anachokijua. Alikuwa analijua gari lile kwa njia ambayo mwenyewe tajiri hakulijua. Alijua maji yanapotuama chini ya mlango, alijua matundu gani ya pembeni yanakusanya mchanga, alijua nyuma ya kioo pana kona ambayo kidole cha shahada tu ndicho kinachoingia. Siku moja alitia kidole kwenye lile tundu kubwa la hewa ubavuni akatikisa kichwa. "Hapa. Kitambaa. Kinanasa." Tundu letu halikunasa kitu, lilikuwa laini. Sule akatafuta picha siku nne mpaka akapata moja iliyopigwa kwa karibu, na kweli, ndani ya tundu palikuwa na ukingo mwembamba ambao mchoraji wa kompyuta hakuuona. Tukachapa ubavu upya. Tukachapa usukani. Nami nikafuta namba za gia kwa ncha ya sindano, nikaziandika tena, moja nyuma, rivasi mbele, na Mzee akatazama juu ya bega langu na kusema, "Ala. Kumbe."

Lilikwisha karibu na mwisho wa mwaka, mezani, refu kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye kifundo, la rangi ya urojo, milango imeinuka. Majirani walipanda kulitazama. Mmoja wa wale wa barazani, mtu wa umri wa Mzee, alikaa kwenye kochi akasema, "Haya Sule, tupe ile ya mkesha wa Idi, tukiwa twalitazama lenyewe." Sule akafungua mdomo. Mzee akamtangulia. "Niliosha," akasema.

"Ati nini?"

"Baba alikuwa akiliosha," akasema Sule. "Miaka kumi na moja. Muulizeni chochote, mpaka chini ya sakafu yake. Dereva hawezi kukwambia." Yule wa barazani akasogea mbele akauliza kama ni kweli magari yale huwa na injini nyuma, na ikiwa nyuma, maji hayaingii? Mzee Nassor akanyanyua mkono wake wa kulia na kuanza kumueleza, neno moja moja, na walikaa pale mpaka maghrib. Bi Rahma alileta chai mara tatu. Katika miaka aliyobakiwa nayo maneno hayakurudi yote, lakini yaliyorudi yalimtosha, na sikumsikia tena Sule akimsemea.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mkokotoni bila ya madaftari. Mama alikuwa uani anapaa samaki. Nilimuamkia, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamwambia, kutoka mwanzo mpaka mwisho, matokeo, chuo, hina, Mbweni, Mkunazini. Hakuniangalia. Magamba yaliendelea kuruka. Nilipomaliza, alisema, "Miaka miwili nawaambia watu."

"Najua, mama."

"Harusini nimesema. Msibani nimesema. Sasa mie niwaambie nini?"

"Waambie napaka rangi."

Akainuka na beseni lake akaingia ndani, na hatukusemezana mpaka baada ya kula. Alikuwa amenuna, na alikuwa na haki yake. Ilichukua Ramadhani nzima na zaidi kabla hajaniangalia kama zamani. Lakini alasiri ile, nilipokuwa nimejilaza chumbani na macho yamevimba, nilimsikia ng'ambo ya ua wa makuti, anazungumza na jirani yake anayemuazima kinu. Jirani aliuliza kama mtoto amekuja kutoka chuoni.

"Hayuko chuoni," mama alisema. "Fundi yule. Apaka rangi magari."

"Mwanamke? Magari?"

"Madogo," alisema mama, na nikajua anayapanga maneno yangu kichwani. "Lakini yana kila kitu. Hata gia."